Bomba Libaki Upande wa Joto

Hotuba ya mkaguzi wa ujenzi wa Halmashauri ya Wilaya kwa wakazi wanaozungumza Kiswahili, katika mkutano wa matayarisho ya majira ya baridi. Inachapwa kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya kuta za bafu. Natambua kwamba hii si mada ya kumtoa mtu mbele ya redieta yake jioni kama hii, na nawashukuru kwa kuja. Nitaanza kwa kukiri. Mimi ninayekagua kazi za mafundi wengine katika wilaya hii niliwahi kuiharibu nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, na kwa kazi ambayo kila aliyeiona aliisifu. Ilikuwa mwaka 2010, kabla sijaajiriwa na Halmashauri.

Nyumba ile ilikuwa ya zile za matofali zilizoshikana mtaa mzima, ambazo wengi wenu mnaishi ndani yake hadi leo. Zilipojengwa hazikuwa na bafu. Baadaye wenyewe waliongeza chumba kidogo nyuma ya jiko, ghorofa ya chini, chenye kuta tatu zinazotazama nje. Hicho ndicho bafu. Ukuta wake ni wa tofali tupu, unene wa sentimita 22 hivi, bila uwazi katikati, na wakati wa baridi ukiuweka mkono juu yake unauondoa upesi.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa vuli ya mwaka ule. Mke wangu alikuwa akimwogesha jikoni ndani ya beseni, kwa sababu bafuni hakukukalika. Nami nikajiambia kwamba fundi mzima, niliyejenga nyumba za watu tangu Tanga hadi huku, siwezi kukubali mwanangu aogeshwe kando ya sufuria. Nikanunua mbao, sufi ya mawe, jipsamu na vigae. Nikasimamisha fremu mbele ya ukuta wa nje, nikaijaza sufi milimita 100, nikafunika kwa jipsamu, nikapanga vigae vyeupe. Mabomba mawili ya shaba yaliyotoka jikoni kwenda kwenye hodhi la kuogea yalipita chini ya ukuta uleule. Yalinisumbua wakati wa kusimamisha fremu, basi nikayaacha palepale yalipokuwa, nyuma ya sufi, yakigusa tofali. Nilifurahi hata kwamba sasa hayaonekani.

Desemba ya 2010 ilikuwa Desemba yenye baridi kuliko zote katika taifa hili tangu mwaka 1910. Kule Altnaharra, kaskazini mwa Scotland, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 21.3 chini ya sifuri. Huku kwetu haikufika huko, lakini ilitosha. Asubuhi moja nilifungua koki ya bafuni, haikutoa kitu. Nikadhani kampuni imekata maji, nikaenda kazini. Adhuhuri jua likachomoza, barafu ikalegea, na bomba lililokuwa limekwisha kupasuka likaanza kumwaga maji nyuma ya vigae vyangu vyeupe. Mke wangu alikuwa peke yake na mtoto wa wiki tisa. Hakujua koki kuu ilipo, maana sikuwahi kumwonyesha. Ilikuwa chini ya sinki la jikoni, nyuma ya ndoo na sabuni za kufulia. Mzee jirani yetu ndiye aliyekuja kuifunga, baada ya karibu saa nzima. Sakafu ya jikoni iliinuka, umeme ukakatika, na familia yangu ikalala kwa shemeji yangu hadi mwisho wa Februari.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni hili: mabomba yale yalikuwa yamekaa pale miaka mingi, katika ukuta mbovu, baridi baada ya baridi, na hayakuwahi kuganda. Yaliganda mwaka uleule nilioutengeneza ukuta. Kwa nini?

Kwa sababu ukuta mbovu ndio uliokuwa ukiyaokoa. Joto la chumba lilikuwa likitoroka kwenda nje usiku na mchana, nasi tukililipia, na njiani lilikuwa likiyapitia mabomba na kuyapasha. Nilipoweka sufi kati ya chumba na mabomba nililizuia joto lile lisitoroke, kama nilivyokusudia; lakini mabomba nikayaacha upande wa pili, pamoja na tofali na baridi. Chumba kilipata joto, tofali likawa baridi zaidi kuliko lilivyopata kuwa, na maji yaliyotulia ndani ya shaba yakabaki kati ya baridi ile na blanketi lililowageuzia mgongo.

Blanketi ni mfano mzuri, kwa kuwa blanketi halina moto ndani yake. Ukimfunika mtu linamhifadhia joto lake mwenyewe. Ukilifunika jiwe, halitapata joto hata ulifunike usiku kucha. Kihami, na ndilo jina nitakalotumia jioni hii kwa kila kitu kinachozuia joto lisipite, iwe sufi, povu gumu au sponji ya kuvalisha bomba, nacho ni hivyo. Hakizalishi joto, kinalichelewesha tu. Bomba lililovalishwa sponji lakini likaachwa upande wa baridi litaganda, ila litachukua saa nyingi zaidi. Usiku mmoja huenda likapona. Siku nne mfululizo za baridi, nanyi mmesafiri kwenda harusini Birmingham, haliponi.

Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa kadiri ya asilimia 9. Watu wengi hudhani barafu huvimba na kulipasua bomba palepale ilipo. Mara nyingi sivyo. Kipande cha barafu huziba bomba, kisha kadiri kinavyokua husukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayabonyei. Shinikizo hupanda hadi shaba inachanika, pengine mita mbili kutoka penye barafu, mahali palipokuwa na joto la kutosha. Ndiyo maana baadhi yenu mmeniambia, "Lakini bomba limepasuka kando ya redieta!" Mlikuwa mkisema kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliochunguza mabomba yasiyo na kihami katika dari isiyopashwa joto, walionyesha kwamba hatari huanza kuwa kubwa pale hewa ya nje inaposhuka hadi nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Lakini upepo ukipata tundu la kupenya na kuligonga bomba moja kwa moja, msitegemee kipimo hicho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliacha tofali la matundu likiwa wazi nyuma ya fremu yangu, likivuta upepo wa kaskazini juu ya shaba kama feni.

Ndugu zangu, wengi wetu tumetoka katika nchi ambako bomba kupita ukuta wa nje si kosa. Tanga, Bujumbura au Uvira, fundi hushusha bomba kutoka tangini juu ya paa, akalipitisha nje ya ukuta mbele ya macho ya kila mtu, na likivuja mtoto wa jirani ndiye wa kwanza kukwambia. Ni desturi ya busara mahali pake. Hapa desturi hiyo inatuponza, na huwaponza hata mafundi wenyeji wa nchi hii, wanaofuata njia fupi.

Basi, kabla hujanunua hata msumari, jua mabomba yako yanapita wapi. Fungua maji ya moto dakika tano kisha pitisha kiganja ukutani. Panapopata joto ndipo bomba la moto lilipo, na la baridi kwa kawaida liko kando yake. Chungulia chini ya hodhi. Hatari iliyojificha kuliko zote ni bomba lililozikwa ndani ya lipu ya ukuta wa nje. Mwenye nyumba halioni. Anabandika mbao za povu gumu juu ya lipu, anapiga rangi, anafurahi, na tangu saa ile bomba limehamia nje ya nyumba ingawa hakuna aliyeligusa. Katika kazi yangu nimekutana na kosa hili mara nyingi kuliko lile langu.

Ukishajua yanapopita, njia iliyo bora ni kuyahamisha kabisa kutoka ukuta wa nje na kuyapitisha katika ukuta wa ndani, ule unaolitenga bafu na jiko. Watu huogopa gharama yake. Nawaambia kwamba vigae vikiwa vimekwisha kubanduliwa, kazi ya kuhamisha mita nne za bomba la milimita 15 ni ndogo, na hakuna wakati mwingine itakapokuwa rahisi kama wakati huo. Isipowezekana, kihami kitangulie na bomba lifuate: tofali, kisha povu gumu lililobandikwa bila mwanya, kisha bomba, kisha chumba. Bomba likae mbele ya kihami, likionekana au ndani ya kasha jembamba lenye matundu juu na chini ili hewa ya chumba ipite. Kasha lisijazwe sufi. Najua mkono wa fundi humwasha anapoona nafasi tupu, lakini nafasi ile ndiyo inayolilisha bomba joto. Na kila tundu ambamo bomba linatokea nje lizibwe pande zote mbili.

Sasa nije kwenye mvuke, ambao mafundi wengi huupuuza na baadaye watoto hukohoa.

Bafu hutoa mvuke kuliko chumba kingine chochote. Mvuke ukikutana na kitu baridi hugeuka matone, kama mnavyoona kwenye kioo. Nimekwisha kusema kwamba ukiweka kihami upande wa ndani, tofali nyuma yake linakuwa baridi zaidi. Mvuke ukipata upenyo mdogo kwenye maungio utapita, utalifikia tofali lile, utageuka maji mahali ambapo hakuna jicho linaloona, na mbao za fremu zitaoza polepole. Kwa hiyo maungio yote ya mbao za povu yafungwe kwa utepe wa foili, na penye sufi iwekwe nailoni ya kuzuia mvuke upande wa chumba, si upande wa tofali. Feni ya kunyonya hewa iwepo, ifanye kazi, na iendelee kwa muda baada ya kuoga. Msiifunge kwa gazeti ati inaingiza baridi. Nimeyaona magazeti hayo.

Wala usifunike ukuta uliokwisha kulowa. Toka nje kwanza, wakati mvua inanyesha, utazame kama mfereji wa paa unamwaga maji ukutani, kama saruji kati ya matofali imemomonyoka, kama udongo wa bustani umepanda juu ya sakafu. Ukuta uliolowa ukavikwa kihami haukauki tena.

Hapa natoka kwenye ufundi niingie kwenye sheria, maana baadhi yenu nyumba si zenu, na ingekuwa vibaya nikiwatuma mkatoboe ukuta wa mtu.

Mpangaji asiuvunje wala kuufunika ukuta bila idhini ya maandishi. Lakini sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inampa mwenye nyumba, katika upangaji wa kawaida wa muda mfupi, wajibu wa kutengeneza jengo lenyewe pamoja na vifaa vya maji na vya kupashia joto. Bomba lililopasuka ukutani ni lake. Mwandikie, weka tarehe, piga picha, hifadhi nakala. Asipojibu, Kitengo cha Afya ya Mazingira cha Halmashauri yetu kinaweza kuja kukagua nyumba chini ya sheria ya makazi ya mwaka 2004, ambayo inautambua ubaridi wa kupindukia, pamoja na unyevu na kuvu, kuwa hatari kwa afya. Huduma hii hailipiwi na mpangaji.

Kwa walio katika nyumba za Halmashauri au za vyama vya makazi, tangu tarehe 27 Oktoba 2025 inatumika ile inayoitwa Sheria ya Awaab, yenye jina la mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu katika nyumba ya kupanga. Wazazi wake walikuwa wamelalamika. Sasa jambo la dharura linapaswa kushughulikiwa ndani ya saa 24, na unyevu au kuvu lenye hatari kubwa lichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi tangu mwenye nyumba alipojulishwa. Hesabu haianzi mpaka ajulishwe. Nawasihi kina mama hasa, ambao mara nyingi husema "tumezoea": msizoee. Na kama Kiingereza cha barua kinakusumbua, ombeni mkalimani pale mapokezi.

Wenye nyumba zenu wenyewe, njooni ofisini kwetu kabla ya kubandua lipu. Ukiukarabati ukuta wa nje wa chumba kwa zaidi ya nusu, kanuni za ujenzi hutaka kihami kifikie kiwango kilichowekwa, nasi tunapaswa kujulishwa. Watu hutuogopa wakidhani tunakuja kutoza faini. Nikija wakati fremu iko wazi naweza kukuonyesha bomba liko upande gani. Nikija baada ya vigae, nitaona vigae. Mambo ya umeme bafuni yaachieni fundi mwenye kibali, hata kama ni waya mmoja tu wa kupashia bomba joto.

Yamebaki machache, nitayapitia haraka. Bomba jembamba la plastiki linalotoka kwenye boila kupitia ukutani hubeba maji yanayodondoka polepole, na likiwa nje huganda kabla ya mengine. Boila huzima, kisha nyumba nzima hupoa, na hapo ndipo mabomba ya bafu hufuata. Livalisheni kihami kisichoharibiwa na mvua. Likiganda, limwagieni maji ya uvuguvugu, si yanayochemka. Mkisafiri wakati wa baridi, msizime boila. Iacheni kwenye nyuzi 12 hadi 15, na mlango wa bafu ubaki wazi. Dada yangu aliyeko Minnesota huacha koki ikitiririka uzi mwembamba usiku wa baridi kali, na kwao huwafaa, kwa sababu shinikizo hupata pa kutokea. Kwetu huku bomba la maji machafu mara nyingi hupita nje ya ukuta, na uzi ule mwembamba unaweza kuganda humo ukaliziba. Sishauri.

Ukifungua koki asubuhi isitoe maji, na jirani anayo, usiende kazini kama mimi. Funga koki kuu kwanza, hata kabla hujajua kama kuna mpasuko, kisha acha koki ya bafuni wazi. Pasha bomba kwa mashine ya kukaushia nywele au chupa ya maji ya moto, ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma, ili barafu inayoyeyuka ipate njia. Usitumie moto. Machi 2018, baada ya wiki ile ya theluji iliyotoka mashariki, zaidi ya wateja 200,000 wa Uingereza na Wales walikosa maji kwa zaidi ya saa nne, na sehemu kubwa ya mipasuko ilijulikana hewa ilipoanza kupata joto na barafu kuyeyuka. Saa ya kuwa macho ni ile unayodhani shida imekwisha.

Usiku huu mkirudi, kabla ya kulala, mwonyesheni kila mtu wa nyumbani koki kuu ilipo, na ijaribiwe kama inageuka. Zipo zilizokaa miaka ishirini bila kuguswa, hazigeuki hata kwa mkono wa mwanamume. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuifunga ikiwa imetunzwa. Binti yangu, yule aliyekuwa wa wiki tisa, aliijua ya kwetu kabla hajajua kusoma.

Pale mezani, kando ya birika la chai, nimeweka kipande cha bomba lile la mwaka 2010. Mpasuko wake hauzidi urefu wa ukucha. Kipitisheni mkono kwa mkono, kisha niulizeni mnalotaka. Na aliyeleta picha ya ukuta wake aje nayo mbele, tutaitazama pamoja.